Jicho la Mchungwa

Kabla hajashika kisu, fundi hushika mche. Huweka kidole gumba kwenye shina la mlimau, shibiri moja hivi kutoka udongoni, akalisukuma gome polepole kama anayepapasa mshipa wa mgonjwa. Asubuhi ile kulikuwa na miche aliyoipita bila kuikata. "Huu bado, mwanangu," aliniambia. "Ganda halijaachia." Akaunywesha maji, akahamia mwingine.

Kitalu chake kiko nje kidogo ya Gede, kando ya barabara ya Malindi, chini ya kibanda cha makuti yaliyotandikwa kwa nafasi ili jua lipenye vipandevipande. Masika ilikuwa inamalizia. Nilikwenda kununua miche minne tu ya michungwa, nikajikuta nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa hadi adhuhuri, na kesho yake nikarudi. Kilichonirudisha ni mikono yake.

Kazi hii, jirani zetu wa Muheza na Tanga huiita kubebesha, na vijana wa kwetu wamezoea kusema kugrafti. Yeye husema kutia jicho, na mimi sijapata jina linalolizidi hilo. Jicho ni kile kichipukizi kilicholala kwapani mwa jani, pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Ukubwa wake hauzidi punje ya mchele. Ndani yake umejikunja mchungwa mzima, na shina lake, matawi yake, maua yake na utamu wake, unangoja kuamshwa.

Vijiti vya macho huvikata kwenye michungwa anayoijua, iliyozaa mbele ya macho yake mwaka baada ya mwaka. Hataki kijiti cha mti wa kusimuliwa. Huchagua tawi lililoanza kukomaa, lenye mviringo, kwa kuwa tawi changa la mchungwa huwa na pembe, na jicho la tawi lenye pembe halikai vizuri. Majani huyakata papo hapo yasije yakaendelea kukausha kijiti, lakini kila jicho huliachia kikonyo chake, kifupi kama njiti ya kiberiti iliyovunjwa. Vijiti huvikunja ndani ya kitambaa kibichi. Kisu chake ni chembamba, kimenolewa hadi makali yameingia ndani ya bati lenyewe, na kati ya mche na mche hukitumbukiza kwenye kopo la maji yenye jiki. Nilidhani ni usafi wa kawaida tu. Baadaye nilielewa kwamba kopo lile ni nusu ya elimu yake.

Kisha mkato. Hukata herufi T iliyopinduliwa, kichwa chini, mguu juu, ili maji ya mvua yakiteremka kwenye shina yasipate mlango wa kuingilia. Kwa ncha ya kisu hufungua gome pande mbili kama anayefungua mabawa ya mlango. Jicho hulichonga kutoka kwenye kijiti pamoja na kipande cha gome chenye umbo la ngao, akalishika kwa kikonyo chake, akalisukuma ndani kutoka chini kwenda juu. Upande wa ndani wa ngao ile haugusi kwa kidole. Mwisho huzungusha utepe wa plastiki kuanzia chini, kila mzunguko ukilalia ule uliotangulia kama makuti ya paa yanavyolaliana, akaacha kikonyo peke yake kikichungulia. Tangu mkato wa kwanza hadi fundo, nilihesabu kimoyomoyo, sikufika sitini.

Kinachofuata hakionekani kwa macho. Kati ya gome na mti kuna tabaka jembamba la seli liitwalo kambiamu, na ukuaji wote wa unene wa mti hutoka hapo. Mti unapopata maji na kuchipua, tabaka hilo huwa laini na tepetepe; ndiyo maana gome huachia. Kaskazi inapovuma na ardhi kukauka, tabaka hulala, na gome hung'ang'ania shina hadi ulipasue. Kidole gumba cha fundi kinapima kambiamu. Jicho likishaingia, seli za pande zote mbili huzaa nyama changa inayojaza pengo. Katika nyama hiyo kambiamu ya mgeni hukutana na ya mwenyeji, mirija ikaungana, maji yakapanda na chakula kikateremka. Huchukua wiki mbili hadi tatu. Ajabu yake ni kwamba hata baada ya hapo miti hii miwili haichanganyiki. Juu ya kovu ni mchungwa, chini yake ni mlimau, na hukaa hivyo hadi siku ya kufa. Malindi utasikia mtu akilalamika kwamba mchungwa wake umegeuka mlimau. Haukugeuka. Jicho lilikufa, au machipukizi yenye miiba yaliyoota chini ya kovu yaliachwa hadi yakamzidi mgeni nguvu.

Nilimwuliza kwa nini asipande mbegu ya chungwa akamaliza. Akacheka. "Utakula lini, mwanangu?" Mchungwa wa mbegu huanza na utoto mrefu wa miiba, na waweza kukaa hata miaka minane au kumi kabla ya kuzaa. Jicho halina utoto huo. Limetoka kwenye tawi ambalo tayari ni la mtu mzima, kwa hivyo kwenye mche wa kubebeshwa waweza kuonja tunda mwaka wa tatu au wa nne.

Na mlimau je? Huu ni ule mlimau wa ganda gumu lenye vinundu, tunda ambalo si la kwanza kuchaguliwa sokoni. Mizizi yake ndiyo inayopendwa: huzama ndani, hustahimili mchanga wetu wa pwani na kiangazi chake, na huusukuma mti kukua haraka. Gharama yake ni kwamba chungwa lililobebwa na mlimau huwa na maji mengi kidogo na sukari pungufu kidogo kuliko lililobebwa na mashina mengine, na shina lake likikaa kwenye maji huoza na kutoa utomvu. Ndiyo sababu ya ile shibiri moja: jicho lisiwe karibu na udongo, na udongo usirukie kovu mvua ikipiga.

Lakini uzuri mkubwa wa mlimau umo katika mbegu. Alinionyesha trei ya miche michanga iliyoota: mbegu moja, miche miwili, mahali pengine mitatu. Mholanzi Leeuwenhoek aliandika juu ya jambo hili kwa chungwa mwaka 1719. Mche mmoja kati ya hiyo waweza kuwa mtoto wa kweli, aliyetokana na chavua na yai. Mingine imeota kwenye nyama ya mama inayozunguka yai, bila baba kuhusika, na kwa hiyo ni mama yuleyule amejirudia. Mwaka 2017 watafiti wa China walioongozwa kutoka Wuhan walionyesha jeni inayohusika na tabia hiyo katika jamii ya machungwa, na kipande kidogo cha DNA kilichojipachika mbele yake na kuiamsha. Fundi wangu hajasoma makala yale. Yeye huipitia trei na kung'oa mche wowote unaotofautiana na wenzake, uliodumaa, uliopinda au wenye jani la umbo jingine, na kwa kufanya hivyo huondoa wengi kati ya wale watoto wenye baba. Anaobakiza ni mapacha wa mama, na kwa sababu hiyo kitalu chake kina kimo kimoja kama mswaki.

Lugha yetu imehifadhi jamaa hii yote kwa majina mazuri: chungwa, chenza, danzi, balungi, limau, ndimu. Mwaka 2013 wanasayansi walipotangaza jenomu ya chungwa tamu, wakitumia aina ya Valencia, ilithibitika kwamba chungwa ni chotara. Ukoo wake wa kikeni unatoka kwa balungi, lile tunda kubwa la ganda nene, na damu ya chenza imeingia humo zaidi ya mara moja. Danzi nalo ni la balungi na chenza kwa njia nyingine. Utafiti wa mwaka 2018 ukaipeleka asili ya jamaa nzima kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Himalaya, kati ya Assam, Myanmar na Yunnan, mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kuyachuma. Kwa hiyo kila chungwa unalolimenya ni ndoa moja ya zamani ambayo haikurudiwa. Imekuwa ikihamishwa tu, jicho kwa jicho, mkono kwa mkono.

Hilo huonekana wazi katika chungwa la kitovu, Washington Navel, linalopandwa pia Kenya. Lilianza kama tawi lililobadilika lenyewe huko Bahia, Brazili. Halina mbegu, kwa hiyo pasipo kisu lingekufa na mti wake. Mwaka 1870 miche ilipelekwa Washington, na mwaka 1873 mama mmoja, Eliza Tibbets, akapokea michache huko Riverside, California. Mmoja kati ya ile ya kwanza bado uko hai. Mizizi yake ilipoanza kuoza, mwaka 1918 wataalamu walipanda miche mingine kuuzunguka na kuiunga kwenye shina lake juu ya sehemu iliyooza, ukapata miguu mipya. Nilipomsimulia fundi alinyamaza kidogo, akauliza swali moja tu: waliiunga upande gani wa upepo?

Pwani hii nayo ina mahali pake katika habari za chungwa. Januari 1499, meli za Vasco da Gama zilirejea Malindi kutoka India zikiwa zimejaa wagonjwa wa kiseyeye, fizi zimevimba. Kumbukumbu ya safari ile inasema nahodha alimtuma mtu ufukweni alete machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani mno. Yaliletwa kesho yake. Wengi walikuwa wamekwisha kuzidiwa, wakafa hapahapa Malindi. Lakini mabaharia wale walikwisha kujua waombe nini, na Malindi ilikuwa nacho cha kuwapa. Daktari wa Kiskoti James Lind aliwagawia mabaharia wawili machungwa mawili na limau moja kila siku na kuona wanapona mwaka 1747, karibu miaka 250 baadaye.

Sasa niseme neno juu ya rangi, maana linaniuma. Machungwa yetu hudharauliwa sokoni Nairobi kwa kuwa ni ya kijani, na mnunuzi hukimbilia yale ya rangi yaliyotoka mbali. Chungwa hugeuka rangi kwa ubaridi wa usiku, haligeuki kwa kuiva. Nyuzijoto zikishuka hadi 13 hivi, kijani cha ganda hufifia na rangi ya njano nyekundu hupata nafasi. Malindi, hata mwezi wa saba kusi inapovuma, usiku kwa kawaida hukaa juu ya nyuzi 20. Ganda halipati habari ya baridi, likabaki kijani, na ndani sukari imekamilika na uchachu umepungua kwa joto lilelile. Na chungwa halivundikwi. Ndizi utaichuma mbichi na kuivundika, embe pia. Chungwa likitengwa na mti halipati utamu mwingine tena. Basi yule anayechuma chungwa la kijani lililoiva anafanya kazi ngumu kuliko mwenzake wa nchi ya baridi anayeongozwa na rangi. Fundi hulipima kwa uzito kiganjani na kwa ganda: vile vitone vya mafuta vikiwa vimetandaa na ganda kulainika na kung'aa, hulizungusha kidogo na kulikata kwa mkasi, halivuti.

Mdanzi ungeweza kuwa shina zuri la kubebea; kwa karne nyingi nchi za Bahari ya Kati ziliutegemea kwa kuwa haushikwi upesi na uozo wa mizizi. Ulitupwa kwa sababu ya virusi viitwavyo tristeza, neno la Kireno na Kihispania lenye maana ya huzuni. Huenezwa na vidukari weusi wanaofyonza machipukizi. Kwenye mchungwa uliobebwa na mdanzi, virusi huua mirija inayoteremsha chakula pale kwenye kovu, na mizizi hufa njaa chini ya mti uliojaa matunda. Miaka ya 1930 na 1940 mamilioni ya miti iliangamia Argentina na Brazili. Na unajua watafiti huvitambuaje? Kwa mndimu, huu huu wa kukamulia samaki. Hubebesha jicho linaloshukiwa juu ya mche wa mndimu na kungoja. Kama virusi vimo, mishipa ya majani machanga huonekana imepauka vipandevipande ukiyainua juani. Mti mdogo katika jamaa ndio unaotoa ushahidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kopo la jiki, na kwa nini hataki kijiti cha mti wa kusimuliwa. Jicho hubeba utamu wa mama, na hubeba pia ugonjwa wake. Ugonjwa mzito kuliko yote ni ule ambao Wachina huuita huanglongbing: majani hupata mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za mshipa, matunda hudumaa na kupinda, mbegu huwa nyeusi, mti hufa kidogokidogo. Hauna dawa. Sura yake ya Kiafrika hupenda baridi. Iliitesa michungwa ya nyanda za juu, na joto la pwani likawa ngao yetu. Sura ya Kiasia hustahimili joto. Kidudu kinachoieneza, Diaphorina citri, kiliripotiwa Tanzania mwaka 2016, na mwaka 2017 watafiti, miongoni mwao wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wakatangaza kukikuta Kenya. Mwaka 2020 ikaja ripoti kwamba bakteria yenyewe ya Kiasia imepatikana nchini. Florida, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 2005, mavuno ya machungwa yaliporomoka kutoka maboksi milioni 244 msimu wa 1997/98 hadi chini ya milioni 16 msimu wa 2022/23, vimbunga navyo vikisaidia kubomoa.

Kidudu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mtama, na hujulikana kwa mkao wake: kichwa kwenye jani, mkia juu, kama mtu aliyesujudu vibaya. Hutaga kwenye machipukizi machanga tu. Kwa hiyo fundi hukagua machipukizi kila asubuhi, akiyageuza kwa kucha, kabla hata ya chai. Nilimwona akikwepa kiota cha majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao. Wanamwuma, naye huwaachia tawi lao. Wachina waliandika mapema kama mwaka 304 kwamba viota vya aina hiyo viliuzwa sokoni vikatundikwe kwenye michungwa ili viilinde. Majimoto wana hila zao, hufuga vidugamba wanaonyonya mti kwa ajili ya maji matamu yao. Fundi anajua hilo pia, na hupunguza viota vikizidi.

Kuna kazi moja ya maabara ambayo ningependa siku moja aione. Mwaka 1972 Toshio Murashige na wenzake huko Riverside, na mwaka 1975 Luis Navarro na wenzake, walifanya kutia jicho ndani ya kioo. Badala ya jicho zima walichukua ncha ya chipukizi, sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita, ambamo virusi kwa kawaida havijafika, wakaiweka chini ya darubini juu ya mche wa wiki mbili ulioota gizani. Ikishika, hutoka mchungwa uleule, msafi. Mkato ni uleule, umepunguzwa hadi mkono wa kawaida hauwezi kuufuata. Vijiti visafi vya namna hiyo, vilivyolindwa ndani ya nyumba za wavu, ndivyo vitakavyoamua kama pwani itakuwa na machungwa yake au itaendelea kungoja malori ya kutoka Tanga. Tuna kituo cha utafiti Mtwapa na tawi lake Msabaha, mwendo mfupi kutoka kwa fundi huyu. Natamani njia kati ya milango yao na kibanda chake cha makuti ikanyagwe hadi nyasi zisiote.

Nilirudi baada ya wiki tatu. Alinipeleka kwenye miche yangu minne bila salamu ndefu, akaelekeza kwenye kikonyo kilichochungulia nje ya utepe. "Gusa," alisema. Niligusa kwa ncha ya kidole, kikadondoka chenyewe, kama jani lililomaliza kazi yake. Akafungua utepe. Ngao ilikuwa kijani, imezungukwa na ukingo mweupe wa nyama changa, na katikati jicho lilikuwa limevimba. Wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Kwenye mche wa nne kikonyo kilikuwa kimekauka na kung'ang'ania. Nilipokivuta kikaja na kipande cha gome jeusi. Hakusema kitu. Aliugeuza mche upande wa pili, akapapasa shina kwa kidole gumba, shibiri moja kutoka udongoni, akakaa hivyo kitambo.

"Huu umeachia," alisema, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa chenye vijiti.